Mama, Sogea Kidogo, Unatuzibia Vita

Mheshimiwa Mwakilishi wa Gavana, Baba Askofu, Bwana Mwenyekiti wa Bodi ya gazeti la Mwangwi pamoja na mkeo, waheshimiwa wafanyabiashara mnaotoa matangazo na kwa hiyo mmepewa meza za karibu na chakula, wahariri, waandishi, wapigapicha na madereva wa gazeti, ndugu zangu wa hapa Hagen, nyanda za juu, na wageni wetu mliopanda kutoka pwani mkakutana na baridi, na wewe mwenyewe, Bwana Gavera Toua, mhariri mkuu, ambaye baada ya miaka thelathini na mmoja leo unastaafu: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa cheo chake, na wasio na cheo nawasalimu mara mbili, maana hao ndio wenzangu.

Jina langu ni Rumbina Kerua. Wengi wenu mnanifahamu kwa sura ingawa hamjui kwamba mnanifahamu. Mimi ndiye yule mwanamke wa katikati kwenye picha kubwa iliyotundikwa hapo ukutani, yule aliyejipaka udongo mweupe uso mzima na kufungua mdomo kama anataka kumeza kamera. Picha hiyo ilipata tuzo mji mkuu, Port Moresby, ikavuka bahari ikapata nyingine, na nasikia itawekwa kwenye kalenda ya benki ya mwakani, mwezi wa nane. Leo nimeombwa nimkabidhi Bwana Gavera nakala yake yenye fremu, niseme maneno ya dakika tatu, kisha niketi. Kukabidhi nitakabidhi. Hizo dakika tatu ndizo sina hakika nazo.

Wiki iliyopita msichana wa ofisi yenu, ana sauti nzuri na adabu nzuri, alinipigia simu. "Mama Rumbina, tunakuomba sana, siku hiyo uje umejipaka kama kwenye picha. Wageni watafurahi."

Nikamwuliza, "Kafa nani?"

"Hajafa mtu, mama, ni sherehe tu."

Nikamwambia, "Basi nitakuja nimeoga."

Naona meza za Hagen zinacheka na meza za pwani zinatazamana. Jirani, mweleze mwenzako. Kwetu mwanamume akienda kupigana hujipaka masizi. Udongo mweupe ni wa matanga, na anayejipaka ni mfiwa. Siku ile ya picha tulikuwa wanawake kumi na tisa, wote tumejipaka, kwa sababu siku moja kabla tulikuwa tumemzika Nori, mdogo wake mume wangu, kijana mwenye mchumba na shamba la kahawa ambalo ndiyo kwanza lilikuwa linaanza kuzaa. Gazeti la Mwangwi likaandika chini ya picha: "Majike ya simba wa Kelimba, wakiwa na rangi zao za vita, watoa ukelele wa mauaji." Ndugu zangu, niwaulize: kati yenu ni nani amewahi kumwona simba katika nchi hii? Mnyama mkubwa kuliko wote bondeni kwetu ni nguruwe wa shemeji yangu, naye ni mpole.

Wasemaji watatu walionitangulia wamemsifu Bwana Gavera mpaka nimeona shingo yake inarefuka. Mmoja kamwita jicho la nyanda za juu. Mwingine kasema kalamu yake haijawahi kusinzia. Waswahili wana msemo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi sipendi mzee wetu aharibu tembo siku yake ya mwisho ya kugema. Kwa hiyo nitamsifu, lakini kwa uangalifu.

Namsifu kwanza kwa ujuzi wake wa historia. Vita vya makabila yetu mawili, Kelimba na Mongopa, vilipoanza mwezi wa tatu, gazeti lilitueleza siku ya pili kwamba chanzo ni "uadui wa kale uliotoka enzi za mababu." Tulishangaa sana, maana hatukuwa na habari. Mimi nimezaliwa Mongopa nikaolewa Kelimba. Mama yangu alizaliwa Kelimba akaolewa Mongopa. Kama huo uadui ni wa kale, sisi tumezaliwaje? Tulizaliwa wakati wa mapumziko ya kipindi cha kwanza?

Chanzo kilikuwa bomba la maji. Kiongozi mmoja, simtaji, alikuja wakati wa kampeni akaahidi bomba Kelimba, watu wakapiga makofi. Akavuka mfereji akaahidi bomba hilohilo Mongopa, watu wakapiga makofi. Likaja bomba moja. Vijana wa huku wakalichimbia huku, vijana wa kule wakalichimbua, mtu akapigwa sepeto kichwani, basi. Jambo hili lilijulikana hata kwa watoto. Lakini mwandishi hakuuliza. Na angeuliza angeandika nini? "Wafa kwa sababu ya ahadi"? Mheshimiwa Mwakilishi wa Gavana, naona unakunywa maji. Kunywa, baba, ya hapa hotelini hayana ugomvi.

Namsifu pili kwa vijana aliowalea. Yupo mmoja hapa, meza ya nne, ana tai nyekundu. Jina lake silitaji kwa sababu ana mama. Yeye ndiye aliyeipiga picha hii. Sisi wanawake kumi na tisa tulikuwa tumesimama kwenye mfereji wa mpaka, katikati, Kelimba mgongoni kwetu na Mongopa mbele yetu, tumeshika majani mekundu ya mpakani, yale ambayo kila mtu wa bonde anajua kwamba ukiyashika unasema tosha. Hatukuwa na silaha. Tulikuwa na majani na matanga yetu. Tulisimama pale tangu asubuhi, na muda wote tuliosimama hakuna aliyefyatua, kwa sababu pande zote mbili kulikuwa na mtu ambaye angempiga dada yake au mama yake.

Kijana huyu akaja na gari la gazeti, akapanda juu ya tuta, akatazama kupitia mashine yake, akakunja uso. Nilidhani jua limemsumbua. Akaniita kwa upole kabisa, "Mama, sogea kidogo, unatuzibia vita."

Nikamwambia, "Mwanangu, ndiyo kazi niliyokuja kuifanya."

Akasema, "Naelewa, mama, ila kidogo tu, upande wa kushoto."

Mnacheka. Hata mimi nimecheka, baadaye, nyumbani. Lakini fikirini vizuri neno lile, kwa maana sijawahi kusikia mtu akieleza kazi ya gazeti la Mwangwi kwa usahihi zaidi. Siku ile habari ilikuwa sisi. Wanawake kumi na tisa wamezuia watu mia tatu wasiuane kwa kutumia majani. Tulikuwa tumesimama mbele ya macho yake, wanene kwa wembamba, na yeye aliyekuwa na jicho la kununuliwa kwa bei kubwa aliona kizuizi.

Na ule mdomo wangu uliofunguka, ukelele wa mauaji? Ng'ambo ya mfereji alikuwepo kaka yangu Raima, baba mmoja mama mmoja, ana bunduki ya kujitengenezea kwa bomba na msumari. Nilikuwa namwambia hivi, na neno kwa neno ninalikumbuka: "Raima, hiyo bunduki ukiifyatua hivyo ulivyoishika utajitoboa mwenyewe, iweke chini, mkeo ana mimba." Ndio ukelele uliopata tuzo ng'ambo.

Aliiweka chini. Hilo halikupigwa picha.

Sasa nije kwenye sifa ya tatu, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hapa kicheko changu huwa kinaisha.

Watu wa nyanda za juu tunapenda raga kuliko tunavyopenda chakula. Bwana Gavera, mtu wa pwani mwenye akili, aliliona hilo mapema. Kila Jumatatu Mwangwi hutoa jedwali la ligi, nani kafunga, nani kafungwa, na mtu asiyejua kusoma huomba asomewe. Vita vilipofika wiki ya tatu, mezani kwenu mtu mmoja akapata wazo, na wengine wakamwambia ni wazo zuri. Mwandishi wa michezo akapewa kazi. Ukurasa wa tatu likatoka jedwali lenye mistari na rangi: Mongopa waliokufa, sita, Kelimba waliokufa, wanne. Na juu yake, kwa herufi kubwa kama kidole gumba: "Kelimba Waongoza."

Nyinyi wa pwani huenda mkaona ni mzaha wa kitoto. Nyinyi wa Hagen mmeweka vijiko chini, kwa sababu mnajua. Kwetu wafu wakishalingana wazee hupata mlango wa kuzungumza. Wasipolingana, kila kijana wa upande uliopungukiwa, popote alipo, awe mjini, awe migodini, awe chuoni, anajiona ana kazi iliyomsubiri. Kumwambia "sita kwa wanne" ni kumpa zamu.

Na ile sita haikuwa sita. Mzee Koldi wa Mongopa alikufa kwa kifua, kitandani, hospitalini, ana miaka sabini na kitu, amekuwa akikohoa tangu sijaolewa. Jedwali likamhesabu. Na kijana aliyeitwa Wamba alihesabiwa mara mbili, kwa sababu nyumbani tulimwita Wamba na kanisani alibatizwa Yosefu. Polisi wakatoa Yosefu, ndugu wakatoa Wamba, mwandishi wa michezo akaandika wawili. Baba Askofu, unaona jinsi ubatizo wako ulivyotuongezea maiti. Hesabu ya kweli ilikuwa wanne kwa wanne. Siku jedwali lilipotoka, wafu walikuwa wameshalingana. Wazee walikuwa wameshaanza kutumiana salamu.

Magari ya gazeti hutoka hapa jioni yakashuka barabara kuu, na asubuhi watu wa mji wa Lae, kule pwani, wanasoma. Lae nina mtoto. Anaitwa Pundi, ana miaka ishirini na mmoja, anasomea umeme chuoni, mwaka wa mwisho. Hakuwahi kushika upinde. Bomba lile la maji hajaliona. Lakini ni Kelimba kwa baba yake. Jumanne, siku ya pili baada ya jedwali, alikwenda kituo cha basi ana mkate mkononi. Vijana wanne wa Mongopa wakamfuata na panga. Wawili kati yao nimewabeba mgongoni, ni watoto wa upande wa kaka zangu. Kwetu upande wa mama ndio kimbilio la mtoto. Ukigombana na baba yako unakimbilia kwa mjomba. Vijana wale walijua hayo yote, lakini walikuwa wamesoma gazeti.

Walimkata bega. Wangemaliza, ila mwanamke mmoja muuza popoo za kutafuna, mtu wa mkoa wa Morobe, si wa kwetu, ambaye mpaka leo hatujui jina lake, alijitupa juu yake pamoja na meza yake na popoo zake zote, akawaambia, "Nikateni mimi kwanza, halafu mniambie kabila langu limewakosea nini." Wakakimbia. Huyo naye hakuandikwa. Kilichoandikwa ni mstari mmoja: "Vita vya Kelimba vyafika Lae." Nani alivifikisha? Vilipanda gari gani?

Tangu siku hiyo mwanangu amefungiwa katika chumba cha wamishonari, dirisha lina pazia, bega limeshonwa nyuzi ishirini na mbili. Darasani hajaenda miezi miwili. Na kwa mujibu wa jedwali lenu, kuna wawili bado wanadaiwa.

Naomba maji. Asante, mwanangu.

Bwana Gavera, umeinamisha kichwa. Usiinamishe. Sijaja kukuzika, na udongo sikujipaka. Hata hivyo akutukanaye hakuchagulii tusi, na mimi leo nimejitahidi kuchagua.

Niseme pia kwamba gazeti lenu limewahi kutafuta dawa. Mwaka juzi alikuja profesa kutoka ng'ambo akawafundisha waandishi siku tatu, hapahapa hotelini, kuhusu namna ya kuandika habari za vita bila kuvichochea. Alisema, na mimi nilikuwepo kwa kuwa nilialikwa kuimba wimbo wa ufunguzi, kwamba mwandishi asiulize tu nani anashinda; aulize wanagombania nini, nani anaumia, na nani anajaribu kupatanisha. Waandishi wakaandika yote kwenye madaftari. Wakapewa vyeti na mikoba. Keshokutwa yake Mwangwi likatoka na habari: "Warsha ya Amani Yaisha Bila Umwagaji Damu." Mikoba bado naiona mjini, ni imara, wanabebea viazi vitamu.

Sasa sikilizeni yaliyotokea baada ya hapo, kwa sababu ninyi mnaosoma Mwangwi hamjayasikia.

Wiki sita zilizopita vita vilikwisha. Narudia kwa meza za nyuma: vilikwisha. Sisi wanawake, wa Kelimba na wa Mongopa, tulichukua vyeti vya ubatizo, tukaenda kaburi kwa kaburi, tukahesabu. Kwa mzee Koldi tulimkuta mjane wake anapalilia, tukamwuliza, "Shangazi, mzee aliuawa na nani?" Akasema, "Na tumbaku." Kwa Wamba tulikuta kaburi moja na misalaba miwili, mmoja wa kila jina. Tukarudi kwa wazee tukawaambia wanne kwa wanne, nendeni mkatazame wenyewe. Wakaenda. Kepo, kaka mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyekuwa akiongoza vijana wa Kelimba. Raima, kaka yangu, ndiye aliyekuwa akiongoza Mongopa. Walikutana penye mfereji. Bunduki zilitupwa shimoni zikachomwa. Nguruwe walichinjwa pande zote mbili wakafukiwa na mawe ya moto katika tanuri moja, na bomba la maji limewekewa mabomba mawili madogo, moja huku na moja kule. Fundi alisema ilikuwa kazi ya nusu siku. Nusu siku, jamani, na tumezika watu wanane.

Kesho yake nilitembea mpaka barabarani, nikapanda gari, nikaja ofisini kwenu na udongo wa shamba miguuni. Nilipokelewa na mhariri kijana. Nikamweleza yote. Akasikiliza vizuri, akauliza, "Kuna picha ya bunduki?"

"Bunduki zimechomwa."

"Zikiwa zinachomwa?"

"Tulikuwa tunachoma, hatukuwa tunapiga picha."

"Basi hatuna picha, mama."

Wewe, Bwana Gavera, ukatoka na kikombe chako cha chai. Ulinitambua, ulinipa mkono, ulinipa kiti. Ukaniambia, "Mama Rumbina, nakuheshimu sana, lakini amani haiuzi." Nikarudi nyumbani. Siku ya nne mkatoa mistari minne, ukurasa wa ishirini na tisa, chini ya tangazo la samaki wa kopo. Samaki alipewa nafasi kubwa zaidi. Na kichwa cha habari kilikuwa: "Utulivu wa Mashaka Bondeni." Mashaka ya nani? Sisi tulikuwa tumeshalala usingizi.

Nikampigia mwanangu. Nikamwambia, "Pundi, toka nje, kumetulia, wajomba zako wamekula na baba zako."

Akasema, "Mama, hapa hawajui."

"Si uwaambie."

"Niwaambie nani? Nikitoka kuwaambia ndiyo wananipata. Na hata nikiwaambia, wao wanaamini gazeti."

"Raima amewapigia simu."

"Amewapigia wawili. Lae kuna Mongopa elfu. Mama, jedwali limebandikwa ukutani pale kituoni mpaka leo. Halijatolewa." Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, sauti aliyokuwa nayo alipokuwa mdogo na ana homa, "Mitihani ni mwezi ujao, tarehe ishirini na nane. Nisipokaa mtihani wananifuta."

Mwezi huo ndio huu, na leo ni tarehe ishirini na tano.

Ndugu wageni waalikwa, kama ningedhani Bwana Gavera ni mjinga nisingepoteza sauti yangu. Mjinga humkasirikii. Mimi namkasirikia kwa sababu namjua. Miaka ishirini iliyopita mlima ulipoporomoka kule kwetu ukazika nyumba kumi na moja, barabara ilikatika na serikali ilikuwa bado inatafuta ramani, mwandishi mmoja mwembamba wa pwani alitembea saa saba kwenye tope akiwa na viatu vya mjini. Alifika hana kucha mbili. Hakuuliza wamekufa wangapi. Aliuliza majina. Alikaa chini na mama mkwe wangu akaandika jina la kila aliyefukiwa, na jina la kila aliyebaki, na mahitaji yake: huyu blanketi, huyu sufuria, huyu maziwa ya mtoto. Akayachapisha ukurasa wa kwanza, bila picha hata moja, kwa sababu kamera ilikuwa imeingia maji. Baada ya siku tatu mablanketi yakaja kutoka miji ambayo hatukuijua. Mume wangu alifunikwa kwa mojawapo. Bwana Gavera, mtu yule ulikuwa wewe. Siku ile hukuniambia kwamba mablanketi hayauzi.

Kwa hiyo nimekuja na ombi, na nimeliacha mwisho kwa sababu mlinipa dakika tatu nikajua mtaninyang'anya kipaza sauti.

Wapigapicha, mmefanya kazi nzuri leo. Mmempiga Mheshimiwa akikata keki, mmempiga Mheshimiwa akila keki. Meza ya kumi na mbili, karibu na mlango wa jikoni, mmeipita mara nne. Nimehesabu. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, lakini nyinyi naona ni lazima niwaambie. Pale wameketi wazee wawili wenye makoti ya kuazima, wanakula viazi kutoka sahani moja kwa sababu sahani za meza ile hazikutosha. Mmoja ni Kepo wa Kelimba. Mwingine ni Raima wa Mongopa. Wasimame, watu wawaone. Simameni, kaka zangu, msione haya. Raima, acha kwanza hicho kiazi.

Hao ndio makamanda wa vita vyenu. Wamepanda gari moja kuja hapa, wamebishana njia nzima kuhusu raga. Wote wawili wako tayari kusema kwa midomo yao, majina yao yakiandikwa, kwamba wafu walikuwa wanne kwa wanne, kwamba hakuna anayedaiwa, na kwamba kijana yeyote wa Mongopa atakayemgusa mtoto wa Kelimba, Lae au popote, atakuwa amemgusa mtoto wa Raima. Picha mnayo sasa. Nyuso mnazo. Hakuna mwanamke anayewazibia.

Bwana Gavera, nimemwuliza dereva wenu hapo nje. Ameniambia ukurasa wa kwanza unafungwa saa kumi na magari yanaondoka jua likizama. Amesema pia kwamba kesho ndilo toleo lako la mwisho, na kwamba ukurasa huo umeshapangwa: ni picha yako wewe, kubwa, na kichwa cha habari "Jicho Lafumba." Ni picha nzuri, nimeiona. Lakini wewe utaweza kupigwa nyingine hata wiki ijayo, huko kwenu pwani, ukiwa unavua samaki wasio wa kopo. Mwanangu huamka saa kumi na mbili, mmishonari humpenyezea gazeti chini ya mlango, naye hulisoma kabla hajaamua kama atagusa kitasa.

Nawashukuru wenye sherehe kwa kunialika, wapishi kwa chakula, na Mheshimiwa kwa kukaa mpaka mwisho ingawa habari ya bomba haikumpendeza. Nawashukuru nyote mlionipa masikio yenu kwa muda mrefu kuliko niliopewa. Sasa ni saa tisa na dakika ishirini. Picha yenye fremu hii hapa, pokea; mimi nimemaliza kazi yangu ya leo. Bwana Gavera, yako imebakiza dakika arobaini.